Mama Pampu Apelekwa Kupimwa Akili

Barua ilikuwa na mistari minne, na kati ya hiyo minne, miwili ilikuwa ya salamu. Mstari wa tatu ulimtaka mtajwa hapo juu afike kwa mtaalamu wa saikolojia Jumatatu saa tatu asubuhi kwa ajili ya tathmini. Wa nne ulisema kwamba akionekana hafai, ataondolewa kwenye mitambo na kustaafishwa kwa sababu za kiafya. Mtajwa hapo juu alikuwa Mama Pampu. Aliisoma akiwa amesimama kati ya pampu namba moja na pampu namba mbili, mikono imejaa grisi, hivyo barua ikabaki na alama za vidole vyake vitano pembeni, kana kwamba ameshaitia sahihi kabla hajaielewa.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia katika kituo cha kusukuma maji, na maji ya nusu ya mji hupita mikononi mwake. Mtu akifungua bomba asubuhi na maji yakatoka, hajui kama kuna Mama Pampu duniani. Yakikatika ndipo anauliza ni nani huyo aliyelala kazini.

Kituo kilikuwa na pampu tatu na geji tisa za kupima presha na joto. Geji zote tisa zilikuwa zimekufa. Mshale wa moja umelala kwenye sifuri tangu zamani, na wa nyingine umekwama kwenye namba ambayo kama ingekuwa ya kweli, jengo lingekuwa limeshalipuka pamoja na mlinzi. Mama Pampu alikuwa ameomba geji mpya mara kumi na nne kwa maandishi. Majibu alipata mawili. La kwanza liliuliza geji ni nini. La pili lilimshukuru kwa ushirikiano wake.

Basi akawa anatumia nondo. Kipande cha nondo cha urefu wa mkono: ncha moja unaigusisha kwenye kasha la beringi, ncha ya pili unaiegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio, unafumba macho, unasikiliza. Beringi nzima huvuma sawasawa. Inayoanza kuliwa hukwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Hewa ikiingia kwenye bomba la kuvutia maji, unasikia kokoto zinagongana. Kwa nondo hiyo alikuwa ameokoa mota mbili ambazo makao makuu hawakujua kwamba zilikuwa zinakufa. Na kwa kuwa binadamu hawezi kukaa na kitu kimoja saa nane kila siku asikisemeshe, Mama Pampu alikuwa akiisemesha pampu. Namba mbili hasa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na visa.

Siku moja wageni wa makao makuu walikuja kutazama kituo, wakiongozwa na ofisa utumishi. Ofisa huyu alikuwa ametoka kwenye semina ya siku mbili kuhusu afya ya akili kazini. Alirudi na begi, kalamu, na hamu kubwa ya kumpata mgonjwa. Wakafungua mlango, wakamkuta mama mtu mzima, macho kayafumba, chuma kakiweka nyuma ya sikio, anaiambia mashine: "Nakusikia. Usiniharakishe, nimeshakusikia."

Mgeni mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama huyo ni mfanyakazi.

"Tunalishughulikia," ofisa akasema.

Kulishughulikia ndiyo ile barua. Mama Pampu hakuwa wa kwanza. Kabla yake alipelekwa dereva aliyeuliza mara tatu kwa nini lori la ofisi halina breki za kuaminika. Breki mbovu zilikuwa zinamnyima usingizi, na ofisi ikachunguza kwa makini ikagundua kwamba tatizo ni usingizi. Dereva akapewa likizo. Lori likapewa dereva mwingine, mwenye usingizi mzuri.

Katika ukoo wa Mama Pampu, mwenye mtihani hupelekwa kwa mdogo wa Mama Pampu mwenyewe. Ni mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa masomo ya ziada, na mtaa mzima unamjua kwa jambo moja: hafundishi somo, anafundisha mtihani. Wanafunzi wake hutoka wakijua jibu la swali la saba bila kujua swali la saba linahusu nini. Wanafaulu, wanaajiriwa, na baadaye ndio wanaouliza geji ni nini.

"Dada, hii isikutishe," alisema, baada ya kuisoma barua na kuigeuza nyuma kutafuta maelekezo zaidi. "Huu ni mtihani kama mitihani mingine. Kazi ni kupata karatasi za miaka iliyopita."

"Na wa akili nao una karatasi za miaka iliyopita?"

"Hakuna mtihani usio nazo."

Alizipata baada ya siku mbili. Kuna kijana aliyewahi kupimwa alipoomba kazi ya ulinzi wa benki, akakumbuka baadhi ya maswali. Mengine mwalimu aliyaokota kwenye simu. Akayapanga kwenye daftari, maswali mia moja na kumi, na pembeni majibu sahihi kwa wino mwekundu. Huwa unakasirika? Hapana. Umewahi kusema uongo? Hapana. Kuna watu usiowapenda? Hapana. Unaipenda kazi yako? Ndiyo, sana. Ukionyeshwa doa la wino, sema kipepeo. Wasiporidhika na kipepeo, sema vipepeo wawili.

"Na wakiniuliza habari za pampu?"

"Pampu gani? Wewe huisemeshi pampu. Wewe unasoma geji."

"Geji zimekufa."

"Dada, unataka kazi au unataka kubishana?"

Alitaka kazi. Miaka minne tu ilibaki afike mwisho wake kwa heshima, na alijua vizuri tofauti ya kustaafu na kustaafishwa kwa sababu za kiafya. Wa kwanza huagwa kwa hotuba. Wa pili hata akicheka peke yake akikumbuka kichekesho, majirani huwaita watoto wao ndani.

Mumewe, fundi cherehani, alitoa ushauri wake kutoka barazani bila kuondoa mguu kwenye pedeli. Kipimo chochote, alisema, mtu huenda bila kula. "Na uchukue kabisa ile ya kwenye kichupa. Usiwasubirishe, wakaona huna ushirikiano."

"Shemeji, wanapima kichwa," mwalimu akasema.

"Umewahi kuona hospitali isiyotaka kichupa? Mwache aende nacho. Wakikikataa, atarudi nacho."

Wiki nzima Mama Pampu alikariri zamuni, daftari limeegemea kwenye bomba. Jumatatu ilipofika alikuwa amekariri majibu yote mia moja na kumi kwa mpangilio, tumbo tupu tangu jana yake, na kichupa kimefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba.

Ofisi ya mtaalamu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Mama Pampu alitarajia kitanda, nyaya, na mtu mwenye koti jeupe. Alikuta meza, viti viwili, feni, sanduku la vibao vya rangi kama vya watoto wa chekechea, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyevaa ndala kwa sababu viatu vyake vilikuwa vinakauka dirishani.

"Karibu, mama. Umekunywa chai?"

"Sijala kitu, dokta. Nimefuata masharti." Akatoa kichupa, akakiweka mezani kwa adabu.

Mtaalamu alikitazama kidogo. "Hicho utarudi nacho, mama. Na mimi si daktari wa sindano. Tutakaa hapa kwa muda wa saa tatu, labda na nusu, na mtu mwenye njaa hafikiri vizuri. Chini hapo wanauza chai na mkate. Nenda, nitakusubiri."

Mama Pampu alishuka akiwa na mashaka. Katika maisha yake hakuwahi kusikia mtihani unaoanza kwa kumlisha mtahiniwa. Aliporudi, mtaalamu akamweleza mambo yatakavyokwenda. Kwanza watazungumza: alizaliwa wapi, alisoma hadi wapi, afya yake, nyumbani kwake, kazini kwake. Kisha kutakuwa na kazi ndogo ndogo za kukumbuka, za kupanga vibao, za kuchora. Mwisho, dodoso la kujaza. Akichoka, aseme, wapumzike.

"Kisha unasema kama nimefaulu," Mama Pampu akasema.

"Hakuna kufaulu wala kufeli. Ofisi yako wameniuliza swali, mimi natafuta jibu. Tena swali lenyewe nimewaomba mara tatu. Mara ya kwanza waliandika 'mpimeni.' Nikawaambia hilo si swali. Mara ya pili wakaandika 'mpimeni haraka.'"

"Na mara ya tatu?"

"Je, anaweza kuendelea kuendesha mitambo kwa usalama. Hilo ndilo nitakalolijibu. Ya nyumbani kwako na ya moyoni mwako yasiyohusu swali hili hayaendi kwao. Na kabla ripoti haijatoka nitakusomea, wewe wa kwanza. Umekubali tuendelee?"

Mama Pampu alikubali. Lakini moyoni alijiambia kwamba huyu mtoto ni mjanja, hivi ndivyo wanavyowalainisha watu. Akajibana. Alipoulizwa habari za nyumbani, alisema nyumbani ni amani. Alipoulizwa habari za kazini, alisema kazini ni amani. Mtaalamu alipoweka mbele yake karatasi yenye mchoro wa mistari na pembe ili aunakili, Mama Pampu aliwahi: "Kipepeo."

"Bado sijauliza kitu, mama."

"Vipepeo wawili."

Kwenye vibao alisahau kujibana. Aliambiwa apange umbo kama la kwenye picha, akapanga moja, akapanga la pili, la tisa akalipanga huku akikosoa kwamba kibao kimoja kimeliwa pembeni. Akatajiwa namba azirudie. Tatu, nne, tano. Alifika saba bila kutetereka, maana miaka yote hiyo alikuwa akisoma namba za mita na kuzishika kichwani hadi afike kwenye daftari. Kwa kinyumenyume alifika tano, akaomba arudie, akakataliwa kwa upole.

Kisha likaja dodoso, sentensi mia moja na themanini za ndiyo au hapana. Baadhi alizitambua. Zilikuwa za kwenye daftari la mdogo wake, zimepishana tu. Alizijaza kwa dakika kumi na nane, akaweka kalamu chini na kukaa wima, kama mwanafunzi anayetaka wengine waone kwamba amemaliza.

Mtaalamu alitoa karatasi yenye matundu ya kusahihishia, akailaza juu ya majibu, akahesabu. Akahesabu tena. Akavua miwani.

"Mama, kwa mujibu wa majibu haya, hujawahi kukasirika. Hujawahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Hujawahi kumchukia mtu, kuchoka, wala kutamani kulala zaidi asubuhi. Una watoto?"

"Watatu."

"Na hujawahi kuwakasirikia."

Mama Pampu alitazama vibao.

"Dodoso lina mitego ya namna hii kwa makusudi," mtaalamu akaendelea. "Si ya kumkamata mtu. Ni ya kujua kama aliyejaza ni yeye au ni mwingine. Aliyejaza hili si wewe. Ni mtu mmoja mwema sana ambaye hajawahi kuzaliwa. Huyo siwezi kumwandikia ripoti. Naweza kuandika tu kwamba matokeo hayasomeki, na unajua ofisi yako watalisomaje neno hilo."

"Watasema nimefeli."

"Watasema una kitu unaficha. Au urudi Alhamisi, ujaze tena. Hiyo Alhamisi uje wewe."

Njiani kurudi, mkoba ulikuwa mzito kwa kichupa na kwa fedheha. Mwalimu alipopata habari, hakuona aibu hata kidogo. Alisema huo ndio mtego wenyewe: wanakwambia useme ukweli, unasema ukweli, wanauandika. "Ukimwambia unaisemesha mashine, dada, umejimaliza kwa mdomo wako. Nipe mpaka kesho nikutafutie kiwango. Katika mia na themanini, ukikiri makosa kama kumi na mawili, inatosha. Nitakuchagulia yasiyo na madhara."

"Utanichagulia makosa yangu?"

"Nani mwingine anayajua kama mimi?"

Jumanne na Jumatano Mama Pampu alifanya zamu yake bila kusema neno na pampu yoyote. Alijilazimisha. Nondo aliiegemeza ukutani. Jumatano mchana namba mbili ikaanza kubadilika sauti, na yeye akasimama katikati ya chumba akitazama geji tisa zilizokufa kama alivyoagizwa, mtu mwenye akili timamu anayesoma mshale uliolala. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Beringi ilipata moto hadi rangi ya kasha ikaanza kunuka. Ndipo akakimbia kuizima, na nusu ya mji ikakosa maji kwa saa mbili wakati anaipaka grisi na kuisubiri ipoe. Watu wakauliza ni nani aliyelala kazini. Safari hii walikuwa na haki ya kuuliza, na hilo lilimuuma kuliko barua.

Alhamisi alikwenda amekula. Daftari la mdogo wake aliliacha juu ya kabati.

"Unalala vipi, mama?"

"Vibaya."

"Kwa nini?"

"Nasikiliza. Nikisikia tangi la jirani linajaa, narudi kulala. Nisiposikia, nakaa nawaza ni pampu ipi."

"Umewahi kumkasirikia mtu kazini?"

"Yule ofisa utumishi, kuna siku natamani nimtie kwenye bomba la kuvutia maji."

Mtaalamu aliandika. "Umewahi kujaribu?"

"Hapiti. Ana kitambi."

Kalamu ya mtaalamu ilisimama, akainama kidogo kama anayetafuta kitu chini ya meza, akainuka uso ukiwa umerudi kazini. Wakaendelea hivyo saa nzima. Mama Pampu alisema alilia pampu ya zamani ilipong'olewa ikauzwa chuma chakavu. Alisema alimdanganya mumewe kuhusu bei ya kitambaa. Alisema anampenda mdogo wake, lakini angependa siku moja amsikie akisema hajui. Hatimaye likaja lile swali, na lilikuja bila kupigiwa ngoma, kama yale mengine.

"Ukiisemesha pampu, inakujibu?"

Jibu la wino mwekundu alilijua.

"Naisemesha, ndiyo. Kunijibu, inatikisika, na mtikisiko naupata kwa nondo, nikaujua kama ni beringi au ni hewa. Maneno sisikii. Ningesikia maneno, mwanangu, nisingengoja barua. Ningekuja hapa mwenyewe, kwa miguu, alfajiri."

Mtaalamu alimwangalia. "Naweza kuja kukuona kazini?"

Alikuja Ijumaa. Mama Pampu alimshikisha nondo, akamwonyesha mahali pa kuigusisha, akamwegemezea ncha nyuma ya sikio. "Fumba macho. Usishike pumzi." Mtaalamu alikaa hivyo dakika nzima, kisha akasema taratibu kwamba anasikia kitu kama mchanga. "Hiyo ndiyo yenyewe," Mama Pampu akasema. "Na hapo nimeshaipaka grisi." Mlinzi aliyepita dirishani aliwaona wanawake wawili, macho yamefumbwa, mmoja na chuma nyuma ya sikio na mwingine anamnong'oneza. Akapiga simu ofisini kuripoti kwamba ule ugonjwa unaambukiza.

Ripoti ilikuwa tayari baada ya siku kumi. Mtaalamu alimsomea yote, kurasa kumi na moja, kama alivyoahidi, akisimama kila mahali Mama Pampu alipokunja uso. Umakini wake ulikuwa mzuri kuliko wa wengi wa umri wake. Huzuni ipo, ya kiasi, ya mtu mwenye sababu. Usingizi mbovu unatokana na kazi, na kazi ingepungua uzito kama vipimo vya mitambo vingefanya kazi. Kusikiliza mashine kwa chuma ni ufundi unaojulikana. Jibu la swali la ofisi: ndiyo, anaweza kuendelea.

"Nimepata ngapi?" Mama Pampu akauliza.

"Mama."

"Najua. Nauliza tu, watakuja kuniuliza."

Mdogo wake aliuliza hilo hilo, kisha akauliza maswali gani yalitoka. Aliposikia kwamba la usingizi lilijibiwa "vibaya" na dada yake hakudhurika, alichomoa kalamu nyekundu, akalifuta jibu la zamani, akaandika jipya, akalipigia mstari. Kuna vijana wawili kutoka mtaa wa pili walikuwa wanakwenda kupimwa mwezi ujao. Wote wawili sasa watalala vibaya.

Jumatano Mama Pampu aliitwa kwa ofisa utumishi. Ripoti ilikuwa mezani, na ofisa alikuwa akiipekua kutoka nyuma kwenda mbele, kisha kutoka mbele kwenda nyuma, uso wa mtu aliyeletewa samaki mwenye miba mingi.

"Kaa, mama. Ninatafuta alama zako."

"Hazipo. Jibu liko ukurasa wa mwisho."

"Ukurasa wa mwisho una maneno." Akageuza kompyuta aione. Mfumo mpya wa makao makuu ulikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa Alama, kuanzia sifuri hadi mia, na chini yake kitufe cha kutuma. "Hapa sipiti bila namba. Ah. Hii hapa. Kumbukumbu ya namba, saba."

Akaandika saba. Skrini ikageuka nyekundu, na neno HAFAI likatokea kwa herufi kubwa, na chini yake maandishi madogo yakieleza kwamba ukibonyeza tuma, taratibu za kustaafisha zitaanza zenyewe.

"Pole sana, mama," ofisa akasema, na kwa kweli alionekana kuwa na huruma. Semina ilikuwa imefundisha huruma. Kidole chake kikaelekea kwenye kipanya.

Mama Pampu aliweka mkono wake juu ya kile kipanya kabla yake. Ulikuwa mkono mpana, wenye kucha nyeusi za grisi, na haukuwa na haraka.

"Saba kati ya ngapi?"

"Mfumo unasema kati ya mia."

"Nauliza ripoti, siulizi mfumo. Ile saba ni namba nilizotajiwa nikazirudia bila kukosea. Mtu wa kawaida hurudia tano, sita, saba. Mia hakuna binadamu anayerudia. Hata wewe. Tayari? Tatu, nane, moja, sita, mbili, tisa, nne."

"Mama, hapa tuko kazini."

"Nami niko kazini. Tatu, nane, moja, sita, mbili, tisa, nne."

Ofisa alicheka kidogo, akaona mkono haujaondoka, akakohoa. "Tatu, nane, moja, sita." Akatazama dari. "Tisa."

"Wewe una nne. Andika nne kwenye sanduku lako tuone mfumo utasema nini juu yako."

Hakuandika. Alifuta saba, skrini ikarudi nyeupe, na kwa muda mfupi wakakaa wote wawili wakiitazama kama watu waliopoteza njia wakatazama ramani moja. Ni ofisa mwenyewe aliyegundua, kwa kusogeza ukurasa chini, kwamba kulikuwa na kisanduku cha pili: Maelezo. Ukikijaza hicho, cha juu kinaweza kubaki kitupu.

"Basi nakili ukurasa wa mwisho," Mama Pampu akasema.

"Kinapokea herufi arobaini tu. Na nafasi zinahesabiwa."

Kurasa kumi na moja, saa sita za mtaalamu aliyesoma miaka minane, na makao makuu yalikuwa yamezitengea upana wa kijiti cha kiberiti. Mama Pampu alivuta kiti karibu. Ofisa akaanza: "Anafaa kwa sasa." Mama Pampu akamfutisha kwa sasa. Ofisa akaandika kwamba ni mzima na aendelee chini ya uangalizi. Mama Pampu akauliza uangalizi uko ukurasa wa ngapi. Haukuwepo. Wakaubakiza uzima, wakamweka kwenye mitambo yake, na ofisa akasema basi, imetosha, hapo hapana tatizo.

"Bado ile ya vipimo."

"Mama, fomu hii ni ya mtu. Geji ni fomu nyingine, ya idara nyingine."

"Hiyo nyingine nimeijaza mara kumi na nne. Hii nadhani wanaisoma. Zimebaki herufi ngapi?"

Ofisa alihesabu kwa kidole kwenye skrini. Zilibaki kumi na mbili. Akamwangalia mama, akaangalia saa, akaangalia ule mkono. Akaandika.

*Mzima. Abaki kwenye mitambo. Geji mbovu.*

"Zimeisha zote," alisema. "Hata nukta haiingii nyingine."

"Inatosha. Tuma."

Alibonyeza. Skrini ikazunguka kwa muda, ikawa kijani. Mama Pampu aliomba nakala, akasubiri itoke kwenye mashine, akausoma mstari huo mmoja mara mbili akiwa amesimama. Kisha akamwomba ofisa agonge muhuri, kwa sababu zamu yake ilianza saa nane, na hakutaka mtu yeyote amwambie kwamba alichelewa bila sababu.